Kiatu kizuri cha ngozi, anza kukiangalia chini

*Swali: Shikamoo fundi. Nina miaka 27, naishi Tanga, niliajiriwa benki mwaka jana. Tangu nianze kazi nimenunua pea mbili za viatu, moja shilingi 65,000 na nyingine 85,000, zote mpya, zote nikaambiwa ni ngozi halisi. Ya kwanza haikumaliza miezi mitano, ikaanza kubanduka juu pale kiatu kinapojikunja. Ya pili soli ilifunguka nikiwa kwenye shughuli ya watu. Sasa nimetenga 250,000, nataka pea moja ya kazini na nyingine ya siku za kawaida. Nichukue vipya au mtumba? Nikiwa sokoni nitakijuaje kiatu kilichotengenezwa vizuri? Mguu wangu ni mpana kidogo, na nikiwa kazini naswali adhuhuri na alasiri msikitini, kwa hiyo viatu navivua na kuvivaa mara nyingi. Pia nisaidie kuitambua ngozi ya nguruwe.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu viatu vyako viwili vimeugua magonjwa mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. Kile cha kwanza kimekufa kwa ngozi. Cha pili kimekufa kwa soli, na huenda ngozi yake ilikuwa nzima kabisa. Ukijifunza kuyatenga haya mawili, nusu ya safari umeshaimaliza.

Mimi nimekaa kwenye kibanda changu hapa Ilala zaidi ya miaka 30. Mteja anakiona kiatu kwa juu, kinang'aa. Mimi nakiona kikiwa kimefunguliwa, tumbo wazi, na humo ndimo ninapoona kama aliyekitengeneza alikusudia kidumu au alikusudia kiuzwe tu. Ndiyo maana siku zote nawaambia vijana: ukishika kiatu, kigeuze kwanza. Usianze na rangi, usianze na ncha. Tazama soli imeshikaje na mwili wa kiatu. Kiatu ambacho fundi anaweza kukifungua, akakitia soli mpya na kukirudisha kama kilivyokuwa, hicho ndicho kiatu cha kukitolea pesa. Kisichofunguka ni cha kuvaa na kutupa, hata kama kimeuzwa laki tatu.

Soli hushikishwa kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni gundi tupu. Mwili wa kiatu unavutwa chini, unapakwa gundi, soli inabandikwa na kukandamizwa kwa mashine. Viatu vingi vipya unavyoviona Kariakoo vimetengenezwa hivi, na si kosa kwa kila kiatu. Raba nzuri za michezo nazo ni za gundi. Tatizo ni kwamba gundi inategemea usafi na muda. Kiwandani wakiharakisha, wasiparuze ngozi vizuri kabla ya kupaka, au gundi ikipata joto kali baadaye, inaachia. Kiatu ukikiacha kwenye buti ya gari juani mchana wa Tanga, gundi inalainika. Halafu unakanyaga maji ya mvua, unatembea, soli inaanza kucheka kwa mbele. Nadhani hicho ndicho kilichokupata shughulini.

Na hapa kuna hila ambayo inaniumiza sana. Viatu vingi vya gundi vina ukingo wa mpira uliochorwa nyuzi za bandia kuzunguka kiatu kizima. Ukitazama kwa juu unaona mshono safi, mweupe, uliopangika. Lakini ule ni urembo wa mpira, au ni uzi ulioshonwa kwenye ukanda peke yake kabla haujabandikwa. Haushiki kitu. Kuutambua, tazama mshono wa juu kisha geuza soli utafute mwenzake chini. Mshono wa kweli unapita. Kwenye soli ya mpira utauona umelala ndani ya mfereji mdogo kuzunguka ukingo. Kwenye soli ya ngozi ya daraja la juu, mfereji huo hufunikwa kwa ngozi ukawa hauonekani, lakini ukipitisha ukucha utausikia mstari wake. Mpira ukiwa laini kabisa chini na juu umejaa nyuzi, rudisha kiatu mezani.

Njia ya pili mafundi wa nje wanaiita Blake, kwa jina la Lyman Blake, Mmarekani aliyepata hataza ya mashine yake mwaka 1858. Mashine hiyo inaingiza mkono ndani ya kiatu na kushona moja kwa moja, kuanzia soli ya ndani hadi soli ya nje. Ukiinua kitambaa au ngozi nyembamba unayokanyaga, utaukuta mshono umelala humo. Viatu vingi vyepesi vya Italia vimeshonwa hivi, vinakaa vizuri mguuni na kujikunja kwa urahisi tangu siku ya kwanza. Udhaifu wake ni kwamba tundu la sindano linatoka nje mpaka ndani, kwa hiyo soli ya ngozi ikilowa, maji yanapanda na uzi. Sisi wengi hatuna mashine hiyo. Tunashona kwa msharasi kuzunguka ukingo, na kiatu kinapona lakini sura yake inabadilika kidogo.

Njia ya tatu ndiyo ninayotaka uitafute. Kati ya mwili wa kiatu na soli kunawekwa ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka ukingo, tunauita welti. Mwili wa kiatu, bitana na soli ya ndani vinashonwa kwenye ukanda huo. Kisha soli ya nje inashonwa kwenye ukanda huo huo, kwa mshono wake wa pili. Kwa hiyo soli haijagusana na mwili wa kiatu hata kidogo; vyote viwili vinakutana kwenye welti. Soli ikiisha, nakata mshono wa nje, naitoa, naweka mpya, na mwili wa kiatu hausikii chochote. Kazi hii zamani ilikuwa ya mkono peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Charles Goodyear Mdogo, mtoto wa yule Goodyear aliyegundua namna ya kuuimarisha mpira kwa joto na salfa, alileta mashine ya kuifanya, na mpaka leo viatu hivi vinaitwa kwa jina lao.

Katikati, kati ya soli mbili, panabaki uwazi, na kiwanda kizuri huujaza koki, ule ule mti laini wa vizibo vya chupa. Ukivaa kiatu wiki mbili tatu, koki inabonyea kufuata unyayo wako. Ndiyo sababu viatu vya welti vinaanza vigumu, mtu anavilaani, halafu baada ya mwezi hataki kuvua. Nimefungua viatu vilivyotimiza miaka 20, unyayo wa mwenyewe umechorwa kwenye koki, vidole vyote vitano unavihesabu.

Sasa ngozi.

Ngozi ya ng'ombe ina tabaka. Juu kabisa, palipokuwa na manyoya, nyuzi zake zimesukana sana, ndipo penye nguvu na ndipo panapopumua. Kadiri unavyoshuka chini nyuzi zinalegea. Kiwandani ngozi nene inachanwa. Tabaka la juu likiachwa na uso wake wa asili, ndiyo ngozi ya kwanza. Likiwa na makovu, uso unasuguliwa na kupakwa rangi nzito yenye plastiki, kisha unapigwa muhuri wa vinyweleo vya bandia. Bado ni ngozi na inadumu kiasi, lakini haizeeki vizuri. Tabaka la chini likipakwa utando mzito wa plastiki, linauzwa nalo kama ngozi halisi. Mwisho kuna vumbi la ngozi lililosagwa na kugandishwa kwa gundi, na baada ya hapo ni rekisini, yaani ngozi ya bandia.

Kiatu chako cha kwanza nakijua bila kukiona. Kinachobanduka kama ganda la kitunguu ni utando wa plastiki, kwa sababu ngozi ya kwanza haibanduki. Ikikauka sana itapasuka, lakini ganda haitoi.

Kupima ukiwa sokoni, bonyeza kidole gumba karibu na mahali pa kujikunja. Ngozi ya kwanza inatoa mikunjo midogo mingi, myembamba kama ya nyuma ya mkono wako, na ukiachia inapotea. Ngozi ya plastiki inabonyea kama puto, au inatoa mikunjo michache mikubwa. Kisha fungua kamba, vuta ulimi wa kiatu, tazama ukingo wake uliokatwa. Hapo mara nyingi hawapaki rangi. Ukiona nyuzi nyuzi kama za kamba, ni ngozi. Ukiona kitambaa chini na ganda la rangi juu, umepata jibu.

Usikubali kipimo cha kibiriti. Najua wauzaji wanapenda kuwasha moto chini ya kiatu na kusema, "Si unaona haiungui?" Moto wa sekunde mbili hauunguzi rekisini nzuri wala haukuonyeshi utando wa plastiki juu ya ngozi hafifu. Nimeona vijana wakinunua kwa kibiriti na wakaniletea kiatu baada ya miezi mitatu.

Kwa viatu vilivyouzwa Ulaya, vikiwemo vya mtumba, una msaada mwingine ambao wengi hawaujui. Tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1994, viatu hubeba alama ndogo, kwenye soli, kwenye kibandiko cha ndani au kwenye boksi. Umbo la ngozi iliyotandazwa, kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa ukutani, maana yake ngozi. Umbo hilo likiwa na almasi ndani, yaani mraba uliosimama kwa pembe yake, ni ngozi iliyopakwa utando. Wavu ni kitambaa. Almasi peke yake ni vitu vingine, yaani plastiki, rekisini na mpira. Alama zinakuja kwa mafungu matatu: mwili wa juu, bitana, na soli ya nje. Ili waandike ngozi, ngozi lazima ifike angalau asilimia 80 ya sehemu hiyo. Tafuta hizo alama kabla ya kusikiliza maneno ya mtu yeyote.

Hapa niseme kidogo kuhusu ngozi yetu wenyewe, maana jambo hili linanigusa. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, lakini ngozi nyingi zinaharibika mnyama akiwa hai: kupe, miiba, na chapa za moto zinazopigwa pajani na ubavuni, mahali ambapo ngozi ya kiatu ingekatwa. Kisha mchunaji anaongeza majeraha ya kisu. Ngozi yenye makovu lazima isuguliwe na kupakwa. Mfugaji akihamishia chapa kwenye sikio au shingoni, na mchunaji akifundishwa, viatu vyetu vitabadilika. Ng'ombe wetu hawana upungufu wowote.

Turudi ndani ya kiatu. Ingiza mkono, kamata kisigino kwa nyuma na ubonyeze. Pana kigumu kimefichwa kati ya ngozi na bitana. Kikiwa cha ngozi au kitu imara, kinakataa, kisha kinarudi. Kikiwa karatasi, kinalia na kubaki kimebonyea. Kwako wewe unayevua na kuvaa mara nyingi hiki ni kipimo kikubwa kuliko vyote, kwa sababu kisigino kikishalegea kiatu kinakuwa ndala. Halafu kunja kiatu: kijikunje pale vidole vinapoanzia, kisijikunje katikati. Kiunoni mwa kiatu kuna kipande cha chuma au mti kinachobeba uzito wako. Kisipokuwepo, mguu unachoka ikifika saa nane mchana na hujui kwa nini.

Bitana nzuri ni ya ngozi, kwa sababu inanyonya jasho. Ndipo linapokuja suala la nguruwe. Ngozi yake inatumika sana kwenye bitana, kwa kuwa ni nyembamba, imara na nafuu. Utaitambua kwa vitundu vya vinyweleo: vimekaa vitatu vitatu, kama pembetatu ndogo, na vinapenya mpaka upande wa pili. Ngozi ya ng'ombe vitundu vyake ni vidogo na vimesambaa sawasawa. Ya mbuzi vimepangika kwa mistari. Chukua tochi ya simu, tazama bitana ya kisigino na ya ulimi, na pia usisahau mwili wa juu kama ni swedi, ngozi yenye uso kama mahameli, maana nguruwe hutumika huko pia. Zile alama za Ulaya hazitaji ni mnyama gani, kwa hiyo usizitegemee kwa hili. Kwenye mtumba uliovaliwa sana bitana huwa imesuguliwa na vitundu havionekani. Ukipata shaka, ondoka. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, ngozi ya nguruwe haiwi tohara hata ikishatengenezwa, na zaidi ya hapo muulize sheikh wako.

Soli ya nje yenyewe iwe ya nini? Kwa Tanga, mpira. Ngozi ni nzuri, ni nyepesi, inapumua, lakini ikilowa inakwisha haraka, na kwenye marumaru za benki inateleza. Kama kiatu ulichokipenda kina soli ya ngozi, kichukue, ila kabla hujakivaa fundi akibandike mpira mwembamba kuanzia vidoleni hadi kiunoni.

Kuna soli moja uiogope: poliuretani, ile nyepesi yenye vitundu vya hewa ndani, kama sponji ngumu. Unyevu wa hewa unaivunja polepole hata kama kiatu hakivaliwi. Kinakaa kwenye boksi, juu kinang'aa, na siku unakivaa soli inamomonyoka kama keki. Nimeshaletewa viatu vya bwana harusi, saa mbili kabla ya ndoa, vimekaa kabatini miaka sita vikitunzwa kwa siku kubwa. Alipoteremka ngazi soli zote mbili zilibaki ngazini. Sikuweza kumtengenezea kwa muda ule. Alivaa vya kaka yake, vilivyomzidi namba. Hewa yetu ya pwani ndiyo inayoongeza kasi ya ugonjwa huo. Kwenye mtumba, choma soli kwa ukucha: ikinata, ikiacha alama isiyorudi, au ukiona nyufa nyembamba ubavuni, usiichukue kwa bei yoyote.

Mguu wako ni mpana, kwa hiyo mtindo si suala la urembo tu. Viatu vya kamba vya ofisini viko vya aina mbili. Oksfodi, zile mbawa zenye matundu ya kamba zimeshonewa chini ya ngozi ya mbele, kiatu kinajifunga kama herufi V. Debi, mbawa zimekaa juu na zinafunguka zote. Mtu mwenye mguu mpana au kiganja cha mguu kilichoinuka akivaa oksfodi, V inabaki wazi, kiatu kinambana na kinaonekana kama si chake. Chukua debi. Na achana na ncha ndefu zilizochongoka. Zinaongeza urefu wa kiatu bila kukupa nafasi, na kwa mguu mpana mtu huishia kununua namba kubwa ili apumue, kisigino kikawa kinachomoka.

Namba ziangalie kwa makini. Hatua moja ya namba za Uingereza ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5, ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Hazilingani sawasawa, kwa hiyo 8 ya Uingereza inaitwa 42 kwa makadirio tu. Viatu vya Kiingereza vya daraja la juu vina pia herufi ya upana, mara nyingi imeandikwa kwa kalamu ndani ya kiatu pamoja na namba. Kwa viwanda vingi vyao F ni wa kawaida na G ni mpana. Wewe tafuta G. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi ya siku, ukiwa umevaa soksi utakazovaa kazini, na usimame. Usipime ukiwa umekaa kwenye kigoda cha muuzaji. Sehemu pana ya mguu ikae kwenye sehemu pana ya kiatu, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya sentimita moja hivi.

Sasa, vipya au mtumba? Kwa cha kazini, kwa pesa uliyonayo, nakushauri mtumba bila kusita. Laki mbili na nusu hainunui kiatu kipya cha welti kutoka Ulaya. Lakini viatu hivyo hivyo vinakuja kwenye mabelo, na ukija Dar kikazi, pita Mchikichini pale Karume asubuhi mapema, kabla wachuuzi hawajachagua. Waliozoea Moshi huenda Memorial, na wenzetu wa Nairobi wana Gikomba. Majina ya kukariri ni ya Northampton na miji na vijiji vya jirani, eneo la Uingereza lililojengwa na viatu: Church's tangu 1873, Crockett & Jones tangu 1879, Loake na Barker wote tangu 1880. Loake uwe mwangalifu, kwani wana viatu vinavyotengenezwa kwao na vingine nje. Soma maandishi ndani. Kwa Wamarekani kuna Allen Edmonds, walioanza 1922. Usilipie jina peke yake, vipimo nilivyokupa ndivyo vya kuamua.

Kwenye mtumba tofautisha mkunjo na ufa. Mkunjo ni umri wa kawaida. Ufa uliopenya mpaka nyuzi zinaonekana hautengenezeki, na mara nyingi hujificha chini ya rangi nyeusi nzito aliyopaka muuzaji usiku uliopita, hivyo futa pale panapojikunja kwa kitambaa chenye maji kidogo. Soli iliyoisha isikutishe kama kiatu ni cha welti. Ukiona soli imetoboka na mwili ni mzima, hapo ndipo unapopunguziwa bei. Tazama pia kisigino kama kimelika upande mmoja sana, na mbonyeo wa vidole vya mwenyewe wa kwanza ndani. Ukiona vimechimba mahali pengine kabisa na pako, kiatu kitakupigania kila siku. Ukishanunua, ng'oa kitambaa cha ndani, pangusa kwa spiriti, acha kipigwe na upepo siku mbili, uweke kipya.

Msikitini unahitaji kuvua haraka, na najua moyo wako utakuvuta kwenye moka. Ni chaguo zuri, kwa masharti mawili. Moka haina kamba ya kuirekebisha, kwa hiyo inunue ikikubana kidogo kwenye kiganja cha mguu, maana ngozi itatanuka. Ikiwa huru siku ya kwanza, mwezi wa pili itakuvuka ngazini. Na uwe na kijiko cha viatu mfukoni, hata cha plastiki. Kijana anayetoka kuswali na kusukuma mguu huku kisigino cha kiatu kimelala chini ya unyayo anakiua kiatu kwa wiki sita. Kama benki yenu inataka kamba, debi ya matundu matatu tu inafunguka upesi.

Cha siku za kawaida, hapo nunua kipya, na nunua cha kwetu. Buti fupi ya swedi inaendana na suruali yoyote na haidai rangi. Asili ya mtindo huu unaojulikana sana duniani ni ile Desert Boot ya Clarks, ya mwaka 1950, yenye soli ya mpira ghafi wa asili. Ya Clarks ni nzuri, ila mpira huo unanata ukikanyaga mafuta ya gereji. Bata nao wanatengeneza buti ya Safari huko Limuru, Kenya, na kwa bei yake sijaona mshindani. Moshi, kiwanda cha Karanga kinatengeneza viatu vya ngozi, na mafundi wetu wa mikono wapo kila mji. Ukimwendea fundi, usimwambie tu "nitengenezee kama hiki cha kwenye simu." Mwambie unataka bitana ya ngozi, soli ya ndani ya ngozi badala ya karatasi, na soli ya nje ishonwe, isibandikwe tu. Ataongeza bei, na anastahili. Mtajie hayo kabla hajakata ngozi.

Ningekuwa wewe, ningegawa hivi: karibu 130,000 kwa debi ya mtumba ya welti, kahawia iliyoiva au nyeusi kama kazini wanashikilia nyeusi, 40,000 niiweke kando kwa soli na kisigino, iliyobaki iende kwenye buti ya swedi. Pea mbili ulizokwisha kuzizika zilikugharimu 150,000.

Vikishakuwa vyako, usivae pea moja siku mbili mfululizo. Ngozi inahitaji siku nzima kutoa jasho, na kwa hewa ya Tanga hata zaidi. Vikirudi vimelowa, jaza magazeti ndani, badilisha baada ya saa chache, viweke penye upepo. Usivianike juani wala usivisogeze karibu na jiko, vitapasuka. Kabatini acha mlango wazi, na ukungu ukitokea futa kwa kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu, kisha kausha kivulini. Rangi, tumia ya nta ya kopo au krimu, kidogo, baada ya kupiga brashi kuondoa vumbi. Ile ya maji yenye sponji kwenye chupa inang'arisha kwa siku moja na kuacha utando unaokausha ngozi. Mafuta ya nazi, ambayo wengi kwenu mnapaka, yaache jikoni. Yanaweza kuoza ndani ya ngozi na kuvuta ukungu. Swedi haitaki kiwi kabisa, ni brashi kavu tu.

Na siku utakapokuja Mchikichini, ukipata pea na ukawa na wasiwasi, muombe muuzaji uipeleke kwa fundi yeyote wa jirani aitazame kabla hujalipa. Acha hata simu kama dhamana. Muuzaji anayejua anachouza atakuruhusu.